Makali Hayana Umoja

Jumanne, tarehe saba Februari, mwaka 2006. Kulikuwa na baridi kavu, jua jeupe lisilopasha joto, na upepo mwembamba uliowafanya watu watembee wameinamisha vichwa kama wanaotafuta kitu walichodondosha. Asubuhi hiyo Simiyu alishuka basi la University Boulevard, akavuka barabara, akaingia katika jengo refu lenye paa la bati lililobinuka kama mgongo wa kobe. Huo ndio uwanja wa barafu wa mji mdogo wa Marlow Glen, na Simiyu alikuwa msafishaji wake kwa mwaka wa pili.

Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, mtu wa miaka hamsini na saba, mrefu, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo meupe. Makovu hayo yalikuwa cheti chake. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliitumia kunoa: visu vya wachinjaji, mapanga, mikasi ya mafundi cherehani. Alikuwa na baiskeli iliyofungwa jiwe la duara juu ya fremu. Siku ya soko aliisimamisha kwenye stendi yake, akapanda, akakanyaga pedali bila kwenda popote, na cheche zikaruka. Mkewe alipofariki, binti yao Edah, ambaye ni nesi, alimleta aishi naye Adelphi, Marekani. Baiskeli ilibaki kwa mdogo wake. Kinoo, lile jiwe dogo la kumalizia makali kwa mkono, alikitia ndani ya soksi, akaja nacho.

Kazi ile aliipata kwa kuuliza, maana Simiyu alikuwa mtu wa kuuliza. Wakati wengine wanapita mlangoni wakiwa wamevaa kaptula za Septemba, yeye alisimama akashangaa kwamba nje watu wanatokwa jasho na ndani maji yameganda. Alitaka kujua ni nani aliyeliwaza jambo hilo kwanza, na alikuwa na shida gani.

Aliyemjibu zaidi ni mzee Dunphy, Mzungu mfupi mwenye ndevu za mvi, aliyenoa viatu vya barafu, vile vyenye chuma chini ya soli, katika chumba kidogo nyuma ya kaunta. Dunphy alimweleza kwamba barafu ile si nyeupe hata kidogo. Barafu ni kama kioo, huonyesha kilicho chini yake, na chini yake ni saruji ya kijivu. Kwa hiyo kila Agosti humwagwa maji machache yakaganda, kisha hupakwa rangi nyeupe, kisha humwagwa maji mengine, ukoko juu ya ukoko, mpaka ufike unene wa vidole viwili.

"Wana-paint barafu?" Edah alicheka aliposimuliwa. "Baba, hao wamekuona mgeni."

"Debe la rangi nimeliinua mimi kwa mkono huu."

Na habari haikuishia kwenye rangi. Majira ya baridi ya mwaka 1956, akina baba wa mji ule walizungushia mbao kiwanja kilichokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, wakaazima mpira wa maji wa kuzimia moto, wakakijaza. Barafu ilidumu kidogo ikayeyuka, wakajaza tena. Hali ya hewa ya huku si ya kutegemea: leo maji yanaganda, keshokutwa mtu anatoka na shati. Walipochoka na kubahatisha, wakalaza mabomba chini ya saruji, wakapitisha ndani yake maji ya chumvi yaliyopozwa na mashine. Paa lilikuja mwisho. Siku hizi alfajiri ni ya vijana wa mpira wa magongo, mchana wa wanafunzi, Jumamosi jioni ya familia za Wasalvador zinazokuja na bibi na vitoto vya mgongoni. Mwezi wa Juni barafu huyeyushwa, na pale pale watu huuza meza na vyombo vikuukuu.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," Simiyu alimwambia Benadetha.

Benadetha alikuwa Mtanzania wa Songea, dada wa miaka thelathini na kitu, aliyekodisha viatu kwenye kaunta. Ndiye aliyelileta kazini lile jambo la kanisani. Ushirika wao wa Waswahili ulikutana Silver Spring, na siku Simiyu alipotakiwa kujitambulisha alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mimi nafanya kazi mahali ambapo watu huja kuteleza. Wanateleza wazee kwa watoto, na wengine wameteleza miaka mingi wala hawachoki." Mchungaji akasema, "Ndugu zangu, tumkumbuke mzee wetu katika maombi."

Tangu hapo Benadetha hakumsalimia vinginevyo.

"Shikamoo, mzee wa kuteleza."

"Marahaba. Wewe si ndiye unawapa viatu?"

Jumanne hiyo ya Februari chumba cha kunolea kilikuwa kimefungwa, kwa sababu Dunphy alikuwa amepasuliwa goti. Saa nne akaingia Mama Lorraine, Mmarekani mweusi, mwalimu aliyestaafu, mwembamba, aliyenyooka kama aliyemeza rula. Alikuja kuteleza kila Jumanne na Alhamisi, na tofauti na wengi hakukodi viatu. Alikuwa na vyake, vyeupe vilivyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Dunphy yuko wapi?"

"Goti, Mama. Akijisikia vizuri atapita Ijumaa."

"Na Jumamosi ni sikukuu." Mji ulikuwa unaadhimisha miaka hamsini ya uwanja, na Mama Lorraine ndiye aliyechaguliwa kuingia wa kwanza na kuuzunguka peke yake, wengine wakifuata. Aliviweka viatu juu ya kaunta. "Hivi vimekufa kabisa. Mwambie mtu anirudishie makali yangu. Nitavichukua Alhamisi."

Alisema kwa Kiingereza, na neno alilotumia lilikuwa la wingi. Simiyu alilisikia vizuri, wala hakuona ajabu. Makali siku zote ni ya wingi. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mtu akiomba kali moja. Kisu kina makali, wembe una makali, hata ulimi una makali, na hakuna anayeyahesabu.

Saa ya chakula alivigeuza viatu kwenye mwanga. Kila kimoja kilikuwa na ubapa wa chuma uliosimama chini ya soli, na ukingoni mwake, kutoka kidoleni hadi kisiginoni, palipita mfuo mwembamba, kama njia ya maji. Kwa jicho la Kimilili, huo ulikuwa uchakavu. Chuma kimeliwa katikati, akasema moyoni, maskini mama wa watu ametelezea bonde. Akaomba tupa kwa fundi wa mitambo, akatoa kinoo chake.

"Mzee, una ruhusa?" Benadetha aliuliza.

"Amesema aambiwe mtu. Mimi si mtu?"

Akausawazisha ule mfuo mpaka ukaisha. Kisha akaulaza ukingo upande mmoja, polepole, kwa pembe ileile tangu mwanzo hadi mwisho, akamalizia kwa kinoo na mate kidogo. Akajaribu kwenye mkono wake: vinyweleo vikaondoka kama vimepulizwa. Siku hiyo alipiga mopu huku akiimba, jambo ambalo Benadetha hakuwahi kulisikia.

Alhamisi Mama Lorraine alifunga kamba zake bila kuangalia chini, akaukanyaga uwanja. Simiyu alikuwa amejisogeza karibu na ukuta wa mbao kusudi aone. Aliona mguu wa kulia ukienda kulia na mama akitaka kwenda mbele. Wa kushoto ukafuata njia yake mwenyewe. Mama alidaka ukuta kwa mikono miwili, akaning'inia hapo, magoti yakigongana. Hakuanguka. Alijivuta mpaka kwenye benchi, akavua kiatu, akakigeuza, akapitisha ukucha.

"Nani amenoa hivi?"

Benadetha akaanza kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Ni mimi, Mama," Simiyu alisema.

"Umenoa kama nini?"

"Kama kisu."

Mama Lorraine alikigeuza kiatu tena. "Ni kisu kizuri sana," akasema. "Ila mimi nilikuwa nataka kusimama. Sina nyama ya kukata."

Simiyu hakujua aweke wapi mikono. Akauliza lile lililomjia, kwa nini Jumamosi asikodi viatu vingine, vipo vya kila namba. Hakuuliza kwa ubishi, na mama alitambua hivyo, ndiyo maana akamjibu. Alinyoosha kidole upande wa pili, palipokuwa na mlango wa chumba cha mitambo na dirisha dogo la kioo kando yake.

"Baba yangu ndiye aliyeiendesha ile mashine, tangu siku ya kwanza ilipowashwa. Barafu yote hii ilikuwa mikononi mwake. Na mimi binti yake sikuruhusiwa kuikanyaga, wala yeye. Weusi hawakuingia. Nilikaa pale dirishani, juu ya debe la mafuta, nikawatazama. Niliyajua yote kwa macho: mguu upi unasukuma, bega lipi linatangulia. Mwaka wa sitini na nne wakafungua mlango, na baba akaja nyumbani na hivi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaingia, nikazunguka mara ya kwanza bila kuanguka. Watu walidhani ni muujiza." Akaanza kufungua kamba za kiatu kingine. "Jumamosi wakiniweka mbele ya mji mzima, nitazunguka kwa hivi au nitakaa chini nipige makofi kama wengine."

"Baba yako alipata kuingia?"

"Hakupenda baridi," alisema Mama Lorraine. "Alisema ameiona ya kutosha."

Jioni Simiyu alimweleza binti yake, akiwa amekaa na sahani ya ugali asioula.

"Baba, si ungewait tu huyo mzee arudi?"

"Alisema anataka makali."

"Edges, Baba. Mbili."

"Sasa makali mawili ni kitu gani? Ni kama kusema maji mawili."

Edah alifungua mdomo amweleze, akaona hata yeye hajui. Hajawahi kuvaa kiatu cha barafu.

Ijumaa Dunphy alikuja na magongo mawili, mguu umefungwa kama mkate. Mama Lorraine alikuwa ameshafika. Dunphy alikaa juu ya kiti kirefu, akavivalia viatu miwani, akavuta pumzi kupitia puani, akamgeukia Simiyu.

"Nani amekufundisha kunoa?"

"Baba mkubwa wangu."

"Alikufundisha vizuri. Ndiyo shida." Akachukua kiatu kizima cha mtu mwingine, akakiweka ukingo juu mbele ya macho ya Simiyu. "Unaona huu mfuo? Haukuliwa. Tumeuchimba sisi. Chuma kikichimbwa katikati, pembeni panabaki vilele viwili, kimoja huku, kimoja huku. Ukitaka kwenda kulia unalalia hiki. Kushoto, unalalia hiki. Ukisimama wima, unasimama juu ya vyote viwili. Wewe umempa kimoja."

Simiyu alipapasa kwa kidole gumba, upande huu, kisha upande ule, kisha akarudia kama kipofu anayesoma. Kwa hiyo ndiyo makali kuwili, aliwaza, na katikati yake pameachwa bonde kwa makusudi. Kumbe yanahesabika. Alisikia aibu, lakini chini ya aibu palikuwa na kitu kingine kilichomchangamsha, naye aliona vibaya kuchangamka mbele ya mama wa watu aliyeharibiwa mali yake.

"Yanaweza kurudi?" aliuliza Mama Lorraine.

Dunphy alieleza bila kupamba. Viatu vya zamani namna ile vina chuma kigumu ukingoni tu, ukanda mwembamba. Juu ya ukanda huo chuma ni laini, hakishiki makali. Miaka arobaini ya kunoa ilikuwa imeshaula, na Simiyu ameula zaidi alipolaza ukingo. Kuurudisha sawa lazima ushushwe mpaka pale upande ulioliwa ulipofika, kisha ndipo mfuo uchimbwe, tena uwe wa kina kidogo sana. "Cha kushoto kitapona. Cha kulia, sijui. Kikizidishwa kidogo tu, kimekwisha." Akatazama goti lake. "Na mashine hii haitumiki kwa kukaa."

Wote watatu walijua ni nani mwingine mle ndani aliye na miguu miwili na mkono wa kunoa.

Mama Lorraine alimgeukia Simiyu. "Umewahi kuharibu kisu cha mtu?"

"Kimoja. Cha mchinjaji."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alikuwa ameshika kingine. Mimi ndiye niliyesema sana."

Benadetha, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta kamba, aliguna. Mama Lorraine akakaa, akapakata mkoba wake. "Basi anza na cha kushoto," akasema. "Na mimi sitoki hapa."

Mashine ilikuwa na jiwe la duara linalozunguka kwa ubapa, ukingo wake umeviringwa, ndio unaochimba mfuo. Kiatu kilibanwa kwenye kishikio, kikapitishwa mbele ya jiwe kwa mkono, mara moja, bila kusita katikati. Dunphy alimfanya Simiyu apitishe viatu vibovu vya kukodisha, jozi tatu ambazo zilikuwa za kutupwa, huku akimsema: usikandamize, hukandi unga, usisimame, ukisimama unachimba shimo, pumua. Mara ya kwanza jiwe lililia. Baadaye likaanza kuvuma kwa sauti moja, na Simiyu akaijua sauti hiyo, kwa maana ni ileile ya jiwe la baiskeli linapokubaliana na chuma.

Cha kushoto kilipona. Dunphy alilaza sarafu juu ya ukingo, akaangalia kama imekaa sawa pande zote mbili. Ilikaa.

Cha kulia kilishushwa taratibu, wakipima kwa jicho kila kinapopita. Ule mlalo wa kisu uliondoka wote. Simiyu alisimamisha mkono kabla hajaambiwa, kwa kuwa cheche zilibadilika, zikawa fupi na nyekundu.

"Hapo," Dunphy alisema wakati uleule. "Mfuo sasa. Mara mbili, usiongeze."

Alipitisha mara mbili. Mama Lorraine akakichukua kiatu, akapapasa kwa ukucha huku na huku, akakirudia upande wa nje karibu na kisigino. "Hapa panateleza."

"Hapo umeingia kwenye laini," alisema Dunphy. "Kitakubeba. Kwa muda gani, sikuahidi."

"Raundi moja?"

"Labda."

"Mimi nimealikwa raundi moja," alisema Mama Lorraine, akafunga mkoba.

Jumamosi asubuhi mbingu ilikuwa nzito, ya rangi ya majivu, na redio ilishaanza kutishia theluji. Hata hivyo jengo lilijaa. Wasalvador walikuja na vyakula, vijana wa magongo na mabango, wazee wa zimamoto na kofia zao. Edah, aliyekuwa ametoka zamu, alikaa jukwaani na kikombe cha chai cha plastiki, na Benadetha aliiacha kaunta bila mtu.

Mama Lorraine aliingia peke yake. Alisukuma kwa kushoto, akalalia kulia, na Simiyu aliyesimama mlangoni na mopu yake hakuona uso wala nguo, aliona chuma tu. Kona ya kwanza ikapita. Kona ya pili mama alizunguka kwa upana, akiupa mguu wa kushoto kazi kubwa. Watu walidhani ni madoido, wakapiga makofi. Upande wa mbali kiatu cha kulia kilitoa mkwaruzo mdogo, na bega lake likacheza. Simiyu alishika mpini kwa nguvu. Mama alipunguza mwendo, akaacha kusukuma kabisa, akajiacha tu abebwe na kasi iliyobaki, mikono ameikunjua kidogo, kona ya tatu, kona ya nne, mpaka akafika alipoanzia na kushika ukuta.

Makelele yakajaa. Watoto wakamiminika kwenye barafu. Mama Lorraine alitoka, akakaa kwenye benchi kando ya Simiyu akihema.

"Cha kulia kilikataa wapi?" Simiyu aliuliza.

"Kona ya pili. Ukingo wa nje haupo tena."

"Pole, Mama."

"Umekipunguzia miaka, hilo sikufichi. Labda miwili." Akavua viatu, akavifuta kwa kitambaa. Kisha akauliza kwa namna ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Ngozi ingali nzima. Hivi chuma kinaweza kubanduliwa, kikafungwa kingine?"

Dunphy, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu nao, alisema inawezekana, lakini zile ribiti zinazoshikilia chuma kwenye soli ni za zamani, na atakayezing'oa vibaya atapasua ngozi. Yeye mikono yake haimtii tena kwa kazi hiyo.

"Nikijaribu kwanza kwa vibovu?" alisema Simiyu. "Vyako sitavigusa mpaka uone."

"Hutavigusa mpaka nione," alisema Mama Lorraine, akavitia viatu vyake kwenye mfuko, akaondoka navyo.

Simiyu alienda nyumbani na zile jozi tatu za kutupwa, amezifunga kamba na kuzitundika begani. Theluji ilianza kabla basi halijafika Adelphi.

Asubuhi ya pili yake, Jumapili, magari yalikuwa yamegeuka vichuguu vyeupe, na mchungaji alikuwa amepiga simu kuwa ibada haipo. Edah alikuwa amelala. Simiyu alichemsha chai, akatandaza gazeti kwenye sakafu ya jikoni, akakipakata kiatu cha kwanza, soli juu. Akahesabu ribiti, akachagua ile ya kisigino, akaweka ncha ya patasi chini ya kichwa chake, akagonga polepole ili asimwamshe binti yake. Ribiti ilitoka na kipande cha ngozi. Akakitazama kipande hicho kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka kando, akahamia ribiti ya pili.